Mtu mmoja, makaburi mawili: kisa cha ukoo wa manamba Muheza

Mjukuu alipofika Tabora alionyeshwa kaburi la babu yake. Tatizo ni kwamba babu yake amezikwa Muheza, na siku ya maziko mwenyewe alikuwepo, mtoto wa miaka minane, amebebeshwa ndoo ya maji ya kumwagia kaburi.

Jina lilikuwa lile lile, na mtemi yule yule aliyeandikwa kwenye karatasi. Wenyeji walimpokea vizuri, wakamchinjia kuku, na baada ya kula mzee mmoja akamuuliza kwa upole: "Sasa baba, kama wetu ndiye huyu aliyelala hapa, huyo wa kwenu alikuwa nani?" Akakosa jibu. Akapanda basi kurudi Tanga, na wiki ile ile akanijia nyumbani na sanduku la bati.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Sina cheo chochote katika mambo ya koo, ila nimeishi Tanga miaka mingi na watu wamezoea kuniletea vitu vya namna hii. Ukoo wenyewe umeniruhusu kuandika kisa chao kwa sharti kwamba nisitaje jina la mtu, kwa hiyo mzee nitamwita Babu tu. Kijijini, chini ya milima kwenye njia ya kupanda Amani, yeyote wa umri wangu alimjua kwa jina la Mnyamwezi. Watoto wake waliandikwa shuleni kwa jina hilo, na wajukuu wanalo mpaka leo kwenye vitambulisho.

Ndani ya sanduku mlikuwa na vitu vitatu vya maana: kipande kilichokunjwa mara nne mpaka kikatoboka kwenye mikunjo, kadi ya NPF, ule mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi, na jembe lisilo na mpini. Jembe nililiweka pembeni, nikidhani limeingia humo kwa bahati mbaya. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Kipande kila mtu wa Tanga anakijua kwa kusikia. Ilikuwa kadi ya siku thelathini za kazi. Ukikata mkonge ukamaliza ngwe yako, siku yako inawekwa alama. Usipomaliza, siku imepotea. Zikitimia thelathini unalipwa, hata kama zimekuchukua mwezi na nusu. Juu ya kadi kuna jina, kabila, na mtawala wa huko mtu alikotoka. Mjukuu alikuwa ameisoma vizuri na kuifuata kama ramani: jina, Mnyamwezi, Unyanyembe, yaani utemi wa huko Tabora. Simlaumu. Ndilo andiko la zamani kuliko yote waliyokuwa nayo, na sisi tuliosomeshwa kwa vitabu tunaamini kilichoandikwa kuliko kilichosemwa.

Lakini tazama kipande kilikuwa cha nini. Kiliwekwa ili shamba lijue siku ngapi zimefanyika. Ukoo wa mtu haukuwa na kazi kwenye hesabu hiyo. Hata neno manamba, yaani vibarua wa mashamba ya mkonge, limetokana na namba, kwa sababu mtu alipokelewa kwa namba na kuitwa kwa namba. Mkonge wenyewe una historia iliyotunzwa vizuri zaidi kuliko ya waliokuwa wakiukata. Tunajua kwamba Dokta Richard Hindorf aliuleta 1893 kutoka Florida, kwamba miche ilianza safari ikiwa 1,000 na iliyofika hai ilikuwa 62. Miche sitini na miwili imehesabiwa mmoja mmoja. Watu waliokuja kuukata walihesabiwa pia, lakini kwa siku zao.

Kipande hakikuwa na picha. Aliyekishika ndiye mwenyewe, ilimradi mnyapara asikatae.

Hapo ndipo nilipomwambia mjukuu aache kwanza habari za babu, tuanze na upande wa bibi. Hii kwangu ni kanuni, na kila mara watu huipinga. Mtu akitafuta asili yake anakimbilia jina la baba wa baba, kwa sababu ndilo analolibeba. Kwa koo za mashamba ya mkonge, jina hilo ndilo la kutiliwa shaka kuliko yote. Wanaume walifika peke yao, au na wenzao wa njiani. Waliandikwa na karani asiyejua lugha yao, na wengine walikuwa na sababu nzuri za kutotaka kujulikana. Wanawake waliowaoa walikuwa hapa hapa. Walikuwa na shangazi, wajomba na majirani, na walikumbuka kila kitu ambacho mgeni huyo alikuja nacho, hasa kile kilichowachekesha.

Bibi mwenyewe amekwishafariki. Mdogo wake yuko hai, Mbondei wa kijiji hicho hicho, anaona kwa jicho moja na anasikia anavyotaka mwenyewe. Tulimkuta anapepeta mchele barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Umemleta huyu aliyekwenda Tabora kutafuta kaburi la watu?"

Habari zilikuwa zimemfikia. Akacheka sana, kisha akasema jambo ambalo hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kumuuliza. Shemeji yake hakuja kijijini na kundi la manamba. Alikuja usiku, peke yake, ametokea upande wa Korogwe, na siku za mwanzo alijificha kwenye shamba la mkwewe wa baadaye akilima kwa chakula. Baadaye akaingia kambini kwa kipande cha Mnyamwezi mmoja aliyekuwa amechoka na kazi akarudi kwao. "Mnyapara akiita jina la yule, shemeji anaitika. Mwisho jina likamganda."

Kwa kijana wa leo inaonekana kama ujanja wa kupata kazi tu. Wakati ule ilikuwa kujiokoa. Chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya 1923, mtu aliyetia dole gumba kwenye mkataba akaacha kazi kabla ya kumaliza alikuwa ametenda jinai. Angeweza kutozwa faini au kufungwa. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuajiri, Silabu, kilichokusanya watu kutoka Kigoma, Songea na kwingineko, kikawapakia kwenye malori na kuwagawa mashambani. Aliyetoroka shamba moja hakuweza kujitokeza kwa jirani na jina lake lile lile. Akipata kipande cha mtu aliyeondoka kwa amani, amepata maisha mapya. Babu alilivaa jina la mwenzake kama koti la mtumba, na wajukuu wanalivaa hadi leo.

Kwa hiyo kaburi la Tabora ni halali kabisa. Mwenye jina alirudi kwao na akafia kwao. Wetu ni mwingine.

Ni nani? Bibi mdogo hakujua. Alijua tu kwamba Jumapili shemeji yake alikwenda kambi ya Wangoni kucheza lizombe, ngoma yao, na kurudi Jumatatu amelala njiani. Familia nzima ilijua hilo, lakini ilihesabiwa kuwa ni ulevi na marafiki wabaya, si asili. Nikamuuliza kuhusu maziko. Huwa nauliza maziko kwa sababu mtu anaweza kuficha jina lake miaka thelathini, lakini siku akifa wanatokea waliomjua.

Maziko yalikuwa 1984. Jeneza lilipotolewa nje, mzee mmoja Mhehe kutoka kambi ya jirani alijilaza mlangoni akazuia njia. Akasema maiti haitoki mpaka alipwe, maana huyu alikuwa mtumwa wake na hajamaliza deni. Shehe alikunja uso. Wabondei walitaka kumwondoa kwa nguvu, wakidhani ni mlevi. Kisha wazee wengine wa kambini wakacheka, wakamtupia senti, akanyanyuka, akalia kweli kweli kuliko wafiwa.

Huo ni utani wa makabila, na utani hauendi ovyo. Wahehe na Wangoni walipigana vikali kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880, na kutokana na vita hivyo ukazaliwa utani unaojulikana nchi nzima. Mhehe asingejilaza mbele ya jeneza la mtu asiyekuwa mtani wake. Mjukuu alikuwa ameshuhudia kwa macho yake, na alichokumbuka ni kwamba kuna mzee aliyeanguka mlangoni.

"Na alikuwa akimtukana," akaongeza bibi mdogo. "Anamwita komba. Komba umelala, tembo letu atalinywa nani?"

Nilikaa kimya kidogo. Mtu wa pwani akisikia hivyo anamwona yule mnyama mdogo wa usiku, mwenye macho makubwa, anayepanda minazi kunywa tembo la watu mpaka analewa na kuanguka. Kwa mzee aliyependa kinywaji ni tusi linalomfaa kabisa, na ndivyo ukoo ulivyolihifadhi, kama kichekesho cha msibani. Lakini Komba ni jina la ukoo. Ukienda Ruvuma utakutana na akina Komba shuleni, kanisani, sokoni na bungeni. Mhehe yule alikuwa akimuaga mwenzake kwa jina lake halisi, mbele ya watoto wake, pengine kwa makusudi, na hakuna hata mmoja aliyesikia.

Mjukuu alitaka kuondoka kwenda Songea siku ya pili yake. Nilimzuia, na ninashukuru, maana bado kulikuwa na jembe.

Nilikuwa nimelisahau. Bibi mdogo alipoliona kwenye sanduku alicheka tena: "Hilo la mashimo." Akatuelekeza mteremko nyuma ya nyumba ya zamani, ambako leo kuna michungwa. Shemeji yake, alisema, alikuwa halimi kama watu. Badala ya kukwatua shamba zima, alifyeka majani akayalaza kwa mistari inayokatana, kama nyavu iliyoanikwa chini. Kisha panachimbwa katikati ya kila jicho la wavu na udongo unarushwa juu ya majani. Mwishowe mteremko wote unakuwa mashimo, na mahindi yake yanaota juu ya kingo. Majirani waliita mashimo ya Mnyamwezi. Mvua za masika zikija, udongo wa wengine unateremka hadi mtoni, wake unabaki.

Tulikwenda kuangalia. Miaka mingi imepita na michungwa imefunika, lakini asubuhi, jua likiwa bado chini, ukisimama bondeni ukatazama juu unaona mabonde madogo madogo ya duara yaliyopangwa safu kwa safu. Nilipiga magoti nikatia mkono kwenye moja. Majani ya michungwa yalikuwa yamerundikana humo, na chini yake udongo ulikuwa mweusi na wenye unyevu wakati kando yake ni mwekundu na mkavu.

Kilimo hicho kinaitwa ngoro, na ni cha Wamatengo wa Mbinga. Wangoni wa tambarare za Songea hawana sababu ya kuchimba hivyo. Wamatengo walibanwa milimani na uvamizi wa Wangoni katika karne ya 19, ardhi ikawa ndogo na miteremko mikali, ndipo wakastawisha njia hii: majani yanaoza ndani ya tuta yakawa mbolea, shimo linashika maji yasibebe udongo. Hulima maharage na mahindi kwa kupokezana, na kwa desturi mwanamume hufyeka na kulaza majani, mwanamke huchimba. Bibi mdogo alithibitisha hata hilo bila kuulizwa: dada yake alilalamika maisha yake yote kwamba mume analaza majani kisha anakaa kivulini.

Basi hata neno Mngoni lilikuwa la juu juu. Umatengo wakati wa mkoloni ulikuwa ndani ya wilaya ya Songea, na mtu yeyote wa Songea akifika Tanga aliitwa Mngoni. Kwa yule Mhehe wote walikuwa watani. Babu alikuwa na majina mawili ya kabila yasiyo yake, moja la kipande na moja la kambi, na kabila lake halisi lilibaki kwenye mteremko.

Upande wa maandishi nitaupita haraka kwa sababu ulitupa kidogo. Nilitumia siku mbili kwenye Nyaraka za Taifa Dar es Salaam. Mafaili ya kazi niliyofunguliwa yalikuwa na idadi za vibarua, si majina. Kwenye ofisi ya shamba, karani alituambia vitabu vya zamani viliondoka na mwenye mali aliyekuwepo kabla ya mwenye mali wa kabla ya huyu. Inaaminika: mashamba mengi yalitaifishwa 1967, yakaja kuuzwa tena miaka ya 1990, na kila kuhama makaratasi yanapungua. Kadi ya NPF ilitufaa kwa jambo moja. Mfuko huo ulianzishwa 1964, mwaka ambao Tanganyika ilivuna mkonge mwingi kuliko wakati wowote, zaidi ya tani 230,000. Kwa hiyo alikuwa bado kazini wakati huo, kwa jina la Mnyamwezi. Baada ya hapo bei ikaanguka, nyuzi za plastiki zikaingia, watu wakapunguzwa, na Babu akawa mkulima moja kwa moja.

Lini alikubaliwa kuwa mwenyeji? Hili halimo katika karatasi yoyote, lakini mnazi ulitujibu. Kwa desturi ya huku, mgeni anaweza kupewa sehemu alime mihogo na mahindi, lakini haruhusiwi kupanda mti wa kudumu. Mti ni madai. Ukimwona mgeni amepanda minazi ujue wenye ardhi wamemkubali. Minazi yake ya kwanza aliipanda alipozaliwa mtoto wa kwanza, na mmoja wake ulikuwa umeanguka 2019, gogo bado limelala. Mnazi hauna duara za ndani kama mvule. Una makovu: kila kuti likidondoka linaacha alama, na mti uliokomaa hutoa makuti kama 12 hadi 15 kwa mwaka. Tulihesabu mjukuu na mimi, kila mmoja kutoka upande wake, tukapata kama 760. Ukigawanya, ukaongeza miaka mitano hivi ya mwanzo kabla shina halijatokeza juu ya ardhi, unapata kati ya 1951 na 1963. Ni pana, najua. Lakini bibi mdogo anasema mtoto yule alizaliwa yeye akiwa bado hajavunja ungo, na uhuru ulipokuja alikuwa tayari na mtoto wake mwenyewe mgongoni. Hilo linatubakiza miaka ya 1950.

Mjukuu akaenda Mbinga, safari hii akiwa na picha za mteremko kwenye simu, jina la Komba, na habari kwamba kijana huyo lazima aliondoka kati ya 1944 na mwanzoni mwa miaka ya 1950. Huko hakuulizwa mtemi wala kipande. Wazee walitazama picha, mmoja akaikuza kwa vidole viwili na kusema: "Huyu alifundishwa na mtu mvivu, mashimo ni mapana mno." Mjukuu alinipigia simu usiku kunieleza, sauti imembadilika.

Kisha mambo yakawa mazito. Si ukoo mmoja wa Komba uliokuwa na kijana aliyekwenda manamba akapotelea huko. Ni miwili, katika vijiji vinavyotazamana, na wote wawili waliondoka kwa lori katika miaka ile ile. Familia ya kwanza wanasema wao alikuwa mrefu. Ya pili wanasema wao alikuwa mpenda ngoma. Babu alikuwa vyote viwili. Kila upande ulimwita mjukuu mtoto wao, na kila upande ulimpa maharage ya kupeleka nyumbani.

Ametaka kupima vinasaba. Nimemweleza ninavyoelewa: kwa Mkemia Mkuu wa Serikali mtu hajiendei tu, ombi hupitia kwa waliotajwa katika sheria ya 2009, kama mahakama au ustawi wa jamii. Na hata akipata njia, kinachorithiwa baba kwa mwana kinaweza kuwa sawa kwa nyumba zote mbili, kwa kuwa wazee wenyewe wanasema babu yao wa juu ni mmoja. Kipimo kitamwambia ni Komba, na hilo tayari Mhehe alilisema mlangoni.

Mimi ningemwachia bibi mdogo. Nimempelekea picha za wazee wa pande zote mbili. Amezikataa zote, anasema watu wakizeeka wanafanana. Anataka kusikia wakicheka. Sasa mjukuu anaomba arekodiwe sauti, na huko Mbinga hakuna anayecheka akiambiwa acheke.

Kabla ya safari ile alikuwa amechota udongo wa kaburi la Muheza ili auzike kwa wazazi wa Babu. Wazee wa huko walimwambia arudi nao, hawawezi kuupokea mpaka ijulikane ni wa nyumba ipi. Uko ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, nyumbani kwake Chumbageni, na mke wake ameuliza mara mbili kama anaweza kulihamisha.